Kikombe cha Tatu cha Sufiani

Jumatatu, 14 Julai 2025

Meneja mpya ameleta sanduku la maoni. La mbao, rangi ya bluu, lina kufuli. Limetundikwa nje ya ofisi. Meneja anaitwa Abraham, ametumwa na makao makuu, na viatu vyake bado havijakanyaga tope la mkonge. Ametutangazia kwamba wenye kampuni wanataka tija. Maoni yatakayoongeza tija kuliko yote yatapewa baiskeli. Mpya!

Mimi nina maoni. Ninayo tangu utotoni, ila hakukuwa na sanduku.

Tatizo la kiwanda chetu ni Sufiani. Tuko naye chumba cha brashi, tunasafisha singa za mkonge, vumbi lile lile. Ila ikifika saa nne, wakati wa uji, yeye hunywa vikombe vitatu. Cha kwanza ni njaa. Cha pili ni uroho. Cha tatu ni Zamda, mpishi wetu. Anasimama pale kwenye sufuria anamsimulia habari za mpira, na Zamda anacheka. Kwa habari za mpira! Mimi mwaka wa pili huu nampenda mwanamke yule na sijawahi kumaliza sentensi mbele yake.

Nimeandika kwa kalamu yangu ya kijani: kuna mtu anakunywa uji vikombe vitatu, mapumziko ya dakika kumi yanafika ishirini na tano, kampuni iangalie. Jina la mtu sijataja. Mimi si mtu wa fitina.

Jumatano, 16 Julai

Mkutano uwanjani. Meneja kasema kuna mfanyakazi mmoja mwenye akili ametoa maoni mazuri sana kuhusu uji. Kifua kikanijaa. Nikaanza kupiga makofi kabla hajamaliza.

Alipomaliza, mikono yangu ilikuwa bado hewani.

Makao makuu wamepiga hesabu. Dakika ishirini na tano, watu mia mbili, siku sita kwa wiki. Wameona hasara kubwa. Basi kuanzia Jumamosi uji umefutwa. Si kikombe cha tatu. Uji wote. Na kama hakuna uji hakuna haja ya mpishi, kwa hiyo Ijumaa ndiyo siku ya mwisho ya Zamda.

Karatasi yangu wameibandika kwenye ubao wa matangazo kama mfano wa kuigwa. Nimepita pale nikiangalia upande mwingine.

Ijumaa, 18 Julai

Uji wa mwisho. Wa mahindi, wenye ndimu kidogo. Watu walikunywa polepole. Mzee Mhina, anayebeba singa mbichi kwenda kuanika, amekunywa uji wa kiwanda hiki miaka thelathini na moja. Aliosha kikombe chake mwenyewe akamrudishia Zamda kwa mikono miwili.

Zamda katuambia atarudi kwao Handeni, kwa kaka yake Mwinjuma. Kodi ya chumba pale Kilole hataiweza. Atasubiri tu avune mahindi ya shamba lake la Kwamndolwa, halafu basi. Akauliza, bila kumtazama mtu, ni nani mwenye moyo wa kuandika neno kama lile.

Nikaanza, "Nitamtafuta mpaka..." na sentensi ikanikatikia hapo.

Najichukia. Nimeandika hapa ili iwepo mahali.

Jumanne, 22 Julai

Mpango! Sanduku lililouondoa uji ndilo litakalourudisha. Tangu Jumamosi nimeandika karatasi kumi na moja, miandiko tofauti, nyingine kwa mkono wa kushoto. Moja nimeandika kama mwanamke mjamzito. Nyingine kama mtu wa dini. Zote zinaomba uji.

Jibu limebandikwa leo asubuhi. Uongozi umeona kwamba wafanyakazi wana muda mwingi wa kuandika. Kuanzia sasa maoni yataandikwa baada ya saa za kazi. Chini yake picha ya glasi: tunashauriwa kunywa maji.

Saa tano Mzee Mhina alianguka kwenye kamba za kuanikia. Alikuwa na mzigo wa singa mbichi begani, akapiga goti, kisha akalala chini taratibu kama mtu aliyechoka kubishana. Sufiani na mimi tulimbeba hadi kivulini. Ni mwepesi mno. Alipofumbua macho aliomba radhi kwa usumbufu. Msimamizi akaandika kwamba ameondoka kazini kabla ya muda.

Nililia nyuma ya ghala la mbolea. Wanaume wa Vugiri hatulii, kwa hiyo ilikuwa vumbi.

Alhamisi, 24 Julai

Nimekwenda Kilole kukiri. Nilinunua kuku wa kutanguliza. Kuku alichomoka mlangoni kwa Zamda, akapitia dirisha la jirani, sijamwona tena. Nikaingia mikono mitupu.

Zamda alikuwa anafunga vyombo kwenye shuka. Nikaanza na habari za hali ya hewa. Kisha mvua za masika. Akaniwahi yeye.

"Hiza, nilijua siku ile ile. Kiwanda kizima nani mwingine anaandika kwa kijani?"

Nikaanza kusema nilimkusudia Sufiani tu, akanikatiza kabla sijamaliza. Akasema hasira anazo, nisidhani hana, na sufuria angenirushia kama asingekuwa ameshaifunga. Halafu akakaa juu ya kifurushi.

"Ila wewe ulisema mtu mmoja anakunywa sana. Wao ndio walioamua watu wote wasinywe. Usijibebeshe mpaka na lawama yao."

Akanipa kiti. Akasema kinachomsumbua sasa ni mahindi, yamekauka, ekari moja, na yeye ni mtu mmoja. Akimaliza kuvuna anaondoka.

Hapo nikamaliza sentensi yangu ya kwanza mbele yake. Nilisema: "Jumapili usiende shambani peke yako."

Jumapili, 27 Julai

Kwetu Vugiri tunaita ngemo. Mwenye shamba anaita watu, watu wanakuja na mikono yao, yeye anapika. Mama yangu huwa anasema hakumbuki hata siku moja mtu kuitwa ngemo akarudi na njaa. Kampuni inatuita kila siku na haina hata aibu.

Nilipita chumba kwa chumba kiwandani kuwaambia. Nilitarajia watu kumi. Wamekuja hamsini na zaidi! Wazigua, Wasambaa, Waislamu, Wakristo waliotoka misa ya kwanza. Sufiani alikuwa wa kwanza kufika, ameleta na shemeji zake watatu. Iliniudhi kidogo.

Mpaka saa saba shamba lote limevunwa. Mzee Mhina alikaa kwenye gunia akipukuchua, akikataa kusaidiwa. Mimi nilisimama juu ya lundo la mabunzi kutoa hotuba. Mabunzi yakateleza. Hotuba ikaishia hapo.

Zamda alipika uji. Hakuna kengele. Watu walikunywa, wakakaa, wakaongea, wakanywa tena. Nilimwona akimtazama kila mtu kikombeni kuhakikisha. Ndipo Mzee Mhina akamwambia, "Mwanangu, sisi mahindi yako hatujayavuna yaende Handeni."

Tumekubaliana. Kila mtu ataleta unga kadiri ya uwezo wake, na Zamda atapika ng'ambo ya barabara, mkabala na geti la kiwanda, kwenye uwanja wa shangazi yake. Saa kumi na mbili asubuhi, kabla ya kengele. Pale si kwa kampuni. Na kila mwezi tutamchangia ujira.

Kifurushi amekifungua. Nilimsaidia fundo la mwisho. Mkono wake ulikaa juu ya wangu, nadhani, kwa muda mrefu kuliko fundo lilivyohitaji.

Ijumaa, 1 Agosti

Wiki nzima hakuna aliyeanguka. Mzee Mhina anaimba kwenye kamba. Meneja katutangazia kwamba tija imepanda, na kwamba huo ndio ushahidi kuwa uji ulikuwa unatuchelewesha. Hajui kinachopikwa ng'ambo ya barabara. Yeye huingia saa tatu, vioo vya gari vimefungwa. Akaomba mwenye karatasi ya kijani ajitokeze achukue baiskeli.

Sikusimama. Ningesimamaje?

Sufiani akasimama! Akasema ni yeye! Alipigwa picha, akapokea baiskeli, akaisukuma moja kwa moja hadi ng'ambo, akamkabidhi Zamda ya kubebea maji. Watu walipiga makofi. Zamda alicheka mpaka akafuta machozi kwa kanga.

Baiskeli yangu.

Jumamosi, 2 Agosti

Asubuhi nilikwenda mapema nikae karibu na sufuria. Zamda kanipa kikombe cha kwanza kabisa, akaniuliza kama nimelala vizuri. Nilifurahi moyo wote.

Halafu akaja Sufiani. Kikombe cha kwanza. Cha pili. Habari za mpira. Cha tatu.

Imeniuma sana. Nimesubiri saa za kazi ziishe, kama tulivyoelekezwa, nikachukua kalamu ya kijani. Nimeandika vizuri, kwa adabu, na sandukuni nimeshatumbukiza. Jina la mtu sijataja. Nimetaja mahali tu: ng'ambo ya barabara.