Benchi la Walioridhika

Jumatatu, tarehe 3 Machi.
Barua imefika. Watathmini wa huduma watakuja katika zahanati yangu Alhamisi. Mwaka jana tulipata nyota moja. Mganga wa zahanati ya jirani alipata nne, na tangu hapo hunisalimu kama mtu aliyefiwa. Tukishindwa tena, nitavuliwa uongozi. Nimekagua kabati. Mashine mpya ya kupimia presha imo ndani ya boksi lake, haijaguswa tangu iletwe miezi mitano iliyopita. Muuguzi ameuliza wagonjwa wa presha tutawapima kwa macho hadi lini, maana ile ya zamani imekwisha kufa. Nimemjibu kwamba kitu kizuri hakichezewi kabla ya wageni kufika.

Jumanne, tarehe 4 Machi.
Dada yangu mkubwa amekuja tena. Kichwa kinamgonga tangu juma lililopita, na mkono wa kushoto una ganzi. Anataka kupimwa presha. Nimemwahidi kwamba Alhamisi atapimwa kwa mashine isiyo na hata alama ya kidole. Akaniuliza, "Mdogo wangu, hiyo mashine umeioa?" Muuguzi alicheka mpaka akakaa. Nimempa dada vidonge viwili vya maumivu. Utovu wa subira ni maradhi.

Jumatano, tarehe 5 Machi.
Watathmini huwahoji wagonjwa walioko kwenye benchi. Wagonjwa wetu hawana adabu: watataja dawa walizozikosa. Nimewaambia warudi Ijumaa. Benchi litajazwa na jamaa zangu: shemeji, binamu, mama mkwe na dada. Nimewafanyisha mazoezi sebuleni. Kila mmoja aseme, "Nimepokelewa vizuri, nimeridhika." Shemeji alitaka kujua anaumwa nini. Chochote, nikamwambia, mradi hakihitaji dawa. Dada aliyatamka maneno yake ovyo, mdomo mzito. Nimemkaripia kwa uzembe.

Alhamisi, tarehe 6 Machi.
Walifika saa tatu, mama mmoja na kijana wake wa kuandika. Mama mkwe alisema ameridhika kabla ya kuulizwa. Binamu alisema huja kila wiki na hajawahi kuugua. Kisha yule mama mtathmini akaitoa mashine kwenye boksi, akampima dada. Akampima mkono wa pili. Akauliza mara ya mwisho alipimwa lini. Nilikuwa nikitafuta jibu. Muuguzi akalipata: Septemba. Dada akasema ameridhika, akaegemea ukuta, akateleza taratibu mpaka sakafuni. Shemeji alidhani ni sehemu ya mazoezi, akapiga makofi. Wakamkimbiza hospitali kwa gari lao.

Jumamosi, tarehe 8 Machi.
Ni kiharusi. Upande wa kushoto umelala. Daktari alianza kuniambia, "Kama angepimwa Jumanne..." kisha akaishia hapo. Nyota hatukupata hata moja, lakini watathmini watarudi Juni kabla ya kuamua kuhusu uongozi wangu. Nimekaa kando ya kitanda, nimeushika mkono wa dada ulio mzima. Nilikuja kumwomba radhi. Badala yake nikaliona kosa letu: benchi lilikuwa na watu wengi mno wasioumwa. Juni nitaweka wagonjwa wa kweli tu, wenye vyeti vya hospitali. Nimemweleza dada. Ameugeuzia ukuta uso wake.
Nimemwandika wa kwanza kwenye orodha ya Juni.