Vidole Vinne vya Shahamu

Jumapili, 1 Desemba

Mwaka huu Sabirhan atanyamaza! Mwaka jana mbavu za farasi wake wa sogim, yule anayechinjwa kwa nyama ya majira ya baridi, zilitoka na shahamu ya unene wa vidole vinne. Zangu viwili. Tangu hapo hakuna arusi wala matanga ambako hajavitaja vidole vyangu viwili. Ni jirani na rika langu, ana haki ya kunitania, lakini kila haki ina mwisho.

Jumamosi wakwe wanakuja kula sogim yetu, wazazi wa mume wa binti yangu, kwa mara ya kwanza. Wataiona shahamu. Kijivu, farasi wangu jike, amenona ajabu. Tumbo hilo! Siri yangu: tangu theluji ilipoyeyuka, kila alfajiri nilimpenyeza kwenye malisho ya Sabirhan. Kanenepa kwa majani ya adui. Akili ni mali.

Jumanne, 3 Desemba

Nimewaza. Shahamu hupimwa kwa vidole, lakini vidole vya nani? Vya Sabirhan ni vinene kama viazi, akipima yeye nimekwisha. Nimemwomba mke wangu Kalampir apime, vyake vyembamba. Kasema vidole vyake vina kazi nyingine.

Kijivu nampa shayiri kupitia dirisha la nyumba mara mbili kwa siku. Leo kanipiga teke. Afya!

Alhamisi, 5 Desemba

Aibu! Majirani wamejaa uani, wanawake na mabeseni ya kuoshea utumbo, maji yanachemka. Kijivu kafungwa miguu. Mzee Orinbek, mchinjaji, kaomba dua, kamgusa tumbo, kisha karudisha kisu alani. Kaniuliza kama nina wazimu, nachinja mwenye mimba? Papo hapo mtoto akacheza tumboni. Wote wakaona.

Sabirhan akauliza kwa upole sana, dume ni yupi. Hapa kwetu dume ni mmoja tu, naye ni wake. Nikasema labda upepo.

Wanawake wamerudi na mabeseni makavu. Kalampir hasemi nami. Wakwe keshokutwa, na ndani hakuna hata figo! Naogopa, kusema kweli. Binti yangu atasutwa maisha yake yote kwa ajili yangu.

Ijumaa, 6 Desemba

Nimekwenda kwa Sabirhan kuomba mbavu. Kacheka mpaka kakaa kwenye theluji. Kisha kanipa ubavu mzima, na mfupa wa nyonga, kipande cha heshima, wa kumwekea mkwe. Kasema, "Chukua, wewe chizi! Ukiaibika mbele ya wakwe, kijiji kizima kimeaibika." Ila mtoto wa Kijivu akizaliwa ni wake. Nikakubali, mradi aape hatasema nyama ni ya nani. Kaapa.

Jumamosi, 7 Desemba

Mkwe kaweka vidole vyake mwenyewe kwenye nyama. Vinne! Nilikaribia kulia. Nikawasimulia jinsi nilivyomlea marehemu, farasi wa kijivu, kwa mkono wangu, na jinsi alivyonitazama siku ya mwisho. Mama mkwe akafuta macho. Kalampir akatazama chai yake.

Ndipo kichwa cha kijivu kikatokea dirishani. Saa ya shayiri! Akagonga kioo kwa pua.

Mkwe akauliza huyo ni nani. Sabirhan, niliyemwalika naye kwa ajili ya ule ubavu, mdomo umejaa, akasema, "Huyo ndiye tunayemla."

Nikatamani sakafu inimeze. Kisha mama mkwe akaangua kicheko, mkwe akafuata mpaka chai ikamtoka puani. Wamesema watakuja kila mwaka, japo kusikiliza nitadanganya nini. Hata Kalampir kacheka, na kaniongezea nyama.

Jumapili, 8 Desemba

Nimechunguza mambo kwa makini. Kosa halikuwa langu, lilikuwa la dirisha. Mwakani nitatundika pazia zito. Na nimeviona vidole vya mama mkwe: njiti tupu! Mwakani atapima yeye.

Alfajiri nimempenyeza Kijivu kwenye majani makavu ya Sabirhan. Mtoto si wake? Basi na amlishe.