Hata Meza Imepewa Tundu

Msamala, Songea

Kwa Mzee Kajetani, Mwenyekiti wa Kwaya

Mzee wangu Mwenyekiti,

Tumsifu Yesu Kristo. Baada ya hapo, shikamoo. Najua nyumba zetu zinatazamana na ningeweza kuvuka barabara tukaongea, lakini jambo hili linataka maandishi. Naandika hapa mezani, nikijisomea kila sentensi kwa sauti kama kawaida yangu, nisikie kama ina adabu.

Kama ujuavyo, mume wangu Wendelini, fundi redio, anaitengenezea kwaya kinanda cha umeme kwa mikono yake, kizinduliwe sikukuu ya mtakatifu somo wetu. Kinanda kinaendelea vizuri. Tatizo ni matundu ya waya. Upande wa kushoto ameandika KUINGIA, ndiko maiki zinakochomekwa. Upande wa kulia ameandika KUTOKA, ndiko sauti inakopita kwenda kwenye spika. Malalamiko yangu ni haya:

1. Kasha la kinanda ni mlango wa kabati langu la vyombo. Sufuria zangu sasa zinatazamana na wageni. Hilo nimesamehe, nalitaja tu lijulikane.

2. Chini ya KUINGIA kuna matundu manne: SAUTI YA KWANZA, SAUTI YA TATU, SAUTI YA NNE, na MEZA. Sisi akina mama wa sauti ya pili hatumo. Mzee wangu, meza! Meza haijawahi kuja mazoezini hata siku moja. Mimi nimekuja tangu sijaolewa, mvua ikinyesha, matope mpaka magotini.

3. Nikatazama chini ya KUTOKA. Matundu mawili: SPIKA YA NJE na, chini yake, kwa maka peni nyekundu, YA PILI. Yaani sauti ya pili, kutoka! Tumefukuzwa kwaya, na aliyetufukuza anakula ugali wangu. Imeniuma, sikufichi.

4. Nashuku kuna mkono wa Domina, kiongozi wa sauti ya kwanza. Dada huyu akiimba hapa, watu wa Maposeni kule mbali wanaamka. Tundu la nini? Namwombea mema, lakini kwa mbali.

5. Kwa hiyo naomba, kwa heshima zote, sauti ya pili ipewe tundu. Ikiwezekana mawili, na spika yetu wenyewe. Sauti ya kwanza waunganishwe na meza. Ikishindikana, siku ya uzinduzi tutasimama mahali petu, sare zimepigwa pasi, tufungue midomo bila kutoa kitu, waumini walisikie pengo. Na wewe, Mzee wangu, uache kusinzia mazoezini, maana haya yote yamepita mbele ya macho yako yakiwa yamefumbwa.

Miaka yote watu husema kwaya imeimba vizuri. Hakuna aliyewahi kusema sauti ya pili imeimba vizuri. Nilitaka mara moja tu nisikike mpaka barabarani.

Nisalimie Mama Lidwina, wajukuu, majirani wa upande wenu wote, na hata Domina ukimwona.

Nabaki mahali pangu, kama nitaachiwa,
Walburga, sauti ya pili

Nyongeza: Wendelini ameingia sasa hivi anacheka mpaka ameshika ukuta. Kumbe YA PILI ni spika ya pili. Na MEZA ndilo tundu letu. Amefunga maiki chini ya meza hii apimie sauti ya pili, kwa kuwa nikichambua maharage hapa naimba vizuri, ila mbele za watu naona haya. Maiki ilikuwa wazi tangu nilipoanza kuandika, na spika ya nje inatazama kwako. Nimechungulia dirishani. Umekaa barazani na Domina, mmeshika vikombe vya chai, na amenipungia mkono. Basi barua usihangaike kuisoma. Niambie tu kama sauti ya pili imesikika vizuri.