Jinsi Kidole Gumba cha Dada Kilivyolitoa Lori la Magodoro

Sogeeni, enyi mnaochambua mchele, nanyi mnaongojea maji yachemke. Wekeni ungo chini, punguzeni moto, mzisikie habari za dada yangu, Simba wa Meza ya Jikoni, Mlinzi wa Ghala la Magodoro, aliyelitoa lori getini bila kuinuka kitini.

Hapo kale, yaani hadi mwezi uliopita, dada aliingia kwenye kompyuta za kazini kwake kwa njia iitwayo VPN. Sisi nyumbani tuliiita handaki, kwa kuwa ilipita chini kwa chini kutoka jikoni kwetu mpaka ofisini. Neno lake la siri tulilijua sote, maana dada alizoea kulipaza kutoka bafuni ili nimwashie mashine kabla bosi hajapiga simu. Na aliyekwisha kupita handakini hakuulizwa tena lolote. Ghala, mishahara, wateja, vyumba vyote vilikuwa wazi kama soko. Ndivyo mwanawe, Jemadari Asiye na Meno, alivyopanda mezani siku moja, na kwa makalio yake tu akawafuta wateja wote wa upande wa mashariki.

Ofisi ikatikisika. Bosi, ambaye wafanyakazi humwita Mzee Sponji akishapita, akanguruma: "Mwenye mtoto arudi ofisini!"

Ndipo Fundi wa Kompyuta akasimama kumtetea. "Mzee, mtoto hana kosa. Kosa ni la handaki. Niruhusu nilifukie, nimweke bawabu wa programu mlangoni. Kila mtu ataulizwa ni nani, mashine yake itakaguliwa, kisha atafunguliwa chumba chake tu, si nyumba nzima."

"Haya," akasema bosi. "Jumatano lori linatoka. Hati ya kulitoa getini aipitishe huyo mama akiwa huko huko kwake. Lori likikwama, au nikisikia mtoto akilia katika kazi yangu, Jumatatu namtaka hapa."

Na mtoto mwenyewe alikuwa bado ananyonya. Dada alimkumbatia mpaka Jemadari akalalamika.

Jumatano ikafika, na Jemadari akaamka na vita vyake. Fizi zilimwasha, alikataa ziwa, akakataa mgongo, akakataa wimbo. Kitu kimoja tu alikubali, simu ya mama yake, na hiyo akaikumbata kama ngao hata usingizi ukamchukua mapajani mwa dada. Hatujapumua vizuri, simu yangu ya vitufe, ambayo bosi alikuwa amepewa namba yake, ikalia. Nikaiweka kwenye spika.

"Lori liko getini, dereva ameshawasha injini!" akanguruma bosi. "Hati iko wapi?"

"Inakuja, mzee."

"Mbona unanong'ona?"

"Ni heshima, mzee."

Dada akaandika jina lake. Bawabu, asiyejua undugu wala urafiki, akaikagua kompyuta, akaridhika, akatuma swali lake kwenye simu ile iliyo kifuani mwa Jemadari: *Ni wewe?* Kujibu NDIYO kulitaka kidole gumba cha dada. Kujibu HAPANA kulitaka kidole chochote. Simu ikatetemeka. Jemadari akaipapasa usingizini, akagusa HAPANA.

Enyi mliozaa kwa uchungu, lieni nasi! Mwana alimkana mamaye mlangoni, na mlango ukafungwa.

Sauti ya Fundi ikaja, maana alikuwa amesimama karibu na bosi. "Dada, umejikana mwenyewe?"

"Si mimi. Ni mkubwa wa hapa."

"Basi bawabu kafanya kazi yake. Lingekuwa handaki, huyo mkubwa angekuwa anagawa mishahara sasa hivi. Nakufungulia mara moja tu. Ukikanwa tena, itabidi uje mwenyewe na kitambulisho."

Nikapeleka mateka wa kubadilishana: kwanza mwiko, kisha rimoti. Jemadari hakufumbua hata jicho. Vyote alivisukuma kwa kiwiko.

"Mwache," dada akanong'ona. "Hadanganyiki huyo. Ana akili za baba yake."

"Baba yake si ndiye aliyeuziwa redio isiyo na kitu ndani?"

"Hebu nyamaza wewe."

Kisha Simba wa Meza ya Jikoni akaupeleka mkono wake wa kulia polepole, kama mtu anayetoa yai chini ya kuku mkali, akakilaza kidole gumba katika kile kiganja kidogo. Vidole vikasita. Vikaiachia simu. Vikakikamata kidole.

Simu ikawa huru, kidole kikawa mateka.

"Mdogo wangu," akasema, "ipeleke simu kwa kidole, maana kidole hakiji."

Ncha yake ilichungulia kwenye ngumi kama kichwa cha kobe. Dada akaandika tena jina lake kwa mkono wa kushoto. *Ni wewe?* Nikakigusisha kioo kwenye ncha ile. NDIYO! Bawabu akafungua chumba cha ghala, hicho tu, na dada akaipitisha hati.

"Limetoka!" bosi akapaza sauti, na dereva kwa furaha akapiga honi iliyojaza jikoni letu lote.

Jemadari akafumbua macho. Tukabana pumzi. Akakitazama kidole alichokiteka, akakitia mdomoni, akauma.

"Aiii!" Aliyelia ni mama, na hilo halikuwamo katika sharti.

"Nini tena?" akauliza bosi.

"Limeota, mzee!"

"Nini kimeota?"

"Jino!"

Bosi akaguna. "Haya. Jumatatu usije ukaniletea hilo jino hapa. Kaa nalo huko huko."

Basi wasimuliwe wajukuu: siku hiyo handaki lilikufa wala hakuna aliyelililia, magodoro yalikwenda yalikokwenda, na jemadari mmoja akapoteza jina lake la vita.