Kamati ya Kanada, Tawi la Koekelberg

Ninayo furaha, na pia wajibu, kutangaza kwamba Kanada imeshagawanywa. Zoezi hilo lilifanyika kwa amani Jumamosi moja ya Machi 2005, katika ukumbi wa parokia huku Koekelberg, Brussels, chini ya uenyekiti wangu, na majimbo yote kumi yalipata mawaziri kabla ya chai.

Mimi ni Ghislain Kabeya, Rais wa Kamati ya Maandalizi ya Kanada kwa Wakatanga wa Kongo tunaoishi Brussels. Sijawahi kufika Kanada. Nalisema hili bila aibu, maana mtu akishafika mahali huanza kuwa na upendeleo.

Tuliunda Kamati kwa sababu watu wetu walikuwa wanakwenda ovyo. Mtu anatoka Likasi, anakaa Brussels miaka mitano, anachoshwa na mvua na makaratasi ya komini, yaani ofisi ya manispaa, halafu siku moja unasikia yuko Montréal. Hakuaga, hakufundishwa, hajui hata jimbo la jirani linalima nini. Tukaamua kwamba kuanzia sasa Mkatanga hataomba Kanada bila Hati ya Utayari yenye muhuri. Muhuri wenyewe niliuchongesha mtaa wa Chaussée d'Ixelles. Ni wa duara, una lile jani la bendera yao katikati, isipokuwa fundi hakuwahi kuliona akachora jani la muhogo. Tuliliacha hivyo hivyo, ni jani pia.

Ugawaji ulikuwa na fujo kidogo. Ontario ina mji wa Sudbury, na Sudbury ina nikeli na shaba, na Mkatanga ukimtajia shaba hawezi kuendelea kukaa. Walisimama watu tisa. Nilimpa tonton Nday, ambaye baba yake alichimba Kolwezi miaka thelathini, naye akataka kujua papo hapo kama wachimbaji wa Sudbury wanapewa unga kila mwisho wa mwezi kama alivyopewa baba yake. Newfoundland iligombewa kuliko zote. Niliposema huko ndiko kwenye chewa, yaani samaki wa makayabu, yule mkavu wa chumvi tunayempenda kwetu, akina maman walipiga vigelegele, ikabidi niwaeleze kwamba uvuvi ule ulisimamishwa mwaka 1992 kwa kuwa samaki walikwisha. Vigelegele viliishia hapo. Kisiwa cha Prince Edward, chenye viazi, hakikutakiwa na mtu, kwani viazi vya Ubelgiji vinatutosha, mpaka maman Kasoki, aliyezaliwa Lubero, kule Kivu, ambako viazi ni heshima, alipokipokea kwa mikono miwili.

Elimu yetu yote ilitoka kwa Frère Etienne, mmisionari mstaafu aliyenifundisha jiografia wakati Likasi ikiitwa Jadotville. Atlasi yake ya mwaka 1957 ndiyo katiba ya Kamati. Frère mwenyewe ni Mshauri wa Heshima. Huketi mbele na kulala.

Masomo yalikwenda kwa ratiba. Tulipofika mwaka 1759, Wafaransa waliposhindwa pale Quebec, waziri wa Quebec alilia na kikao kikaahirishwa. Tuliposoma zile kura mbili ambazo Quebec waliulizwa kama wanataka kujitenga, wazee kadhaa, wanaokumbuka Katanga ilipojitenga mwaka 1960, walitikisa vichwa taratibu, wakaomba somo lirudiwe. Kuhusu wenyeji wa kwanza, walionyang'anywa ardhi na watoto wao wakapelekwa shule za wamisionari, somo lilikuwa fupi. Watu wote walimgeukia Frère Etienne, ambaye siku hiyo hakuwa amelala, naye akaangalia saa yake. Mazoezi ya baridi tuliyafanya kwa Radjabu mwenye bucha, ndani ya chumba cha kugandishia nyama, dakika ishirini kila mtu. Wawili walipata mafua. Tuliwapa Manitoba bila mtihani.

Matokeo yanajieleza. Kwa miaka sita hakuna mwanachama wetu hata mmoja aliyekwenda Kanada. Kamati chache Brussels zina nidhamu ya namna hiyo.

Sasa nije kwenye suala la maman Yolande, ambalo limepotoshwa sana mitaani. Yolande ni msaidizi wa wauguzi katika hospitali ya Jette. Mwezi wa Mei 2011 alikuja mbele ya Kamati akiwa bado na viatu vyake vyeupe vya kazini, kuomba Hati, maana Jumanne saa tatu asubuhi alikuwa na miadi kwenye ofisi ya uhamiaji ya Quebec.

"Papa Président, rendez-vous yangu na bantu ba Quebec iko mardi, à neuf heures. Ile attestation munipatie tu, nirudie ku kazi."

"Maman Yolande, ulianguka mu examen."

"Nilianguka fasi gani?"

"Question ya tatu. Uliandika territoires ya kaskazini iko tatu. Iko mbili. Yukon na Territoires du Nord-Ouest."

"Na Nunavut?"

"Haiko mu atlas."

"Papa, balikataka kipande ya ile kaskazini mu mwaka ya 1999. Bantu ya kule bakapata fasi yabo. Niliona ku internet."

"Weye ulifikaka kule?" tonton Nday akamwuliza.

"Hapana."

"Alors?"

Kwa mujibu wa kanuni alikata rufaa. Kamati ya Rufaa, ambayo ni sisi wenyewe tukiwa tumegeuza viti, ilikaa dakika nne na kuthibitisha kwamba Nunavut haipo.

Yolande alibaki amesimama. Sauti yake ilishuka. "Mutoto wangu Emmanuella iko Likasi na kambo yake, mama yangu. Miaka ine sijamushika. Na karatasi yangu ya hapa siwezi kumuleta. Quebec bakinikamata, bakinikubali, naenda naye. Nikikosa mardi, narudia nyuma ya foleni, miaka mbili tena. Donc munanifungia mutoto juu ya Nunavut?"

Nilimhurumia kweli. Ndiyo maana nilimpa tarehe ya marudio ya karibu kabisa, Oktoba.

Jumanne alikwenda bila muhuri. Najua, kwa sababu nilimkuta pale. Naomba nisieleweke vibaya. Mimi pia nilikuwa na miadi siku hiyo, saa nne asubuhi, niliyoiomba kimya kimya miaka miwili kabla, kwa sababu za ukaguzi. Hati ya Utayari nilijipa mwenyewe, kwa alama mia.

"Eh, Papa Président! Na weye?"

"Ukaguzi," nikamjibu.

Alinitazama. Alinisogelea tu akaninyooshea tai, maana ilikuwa imepinda, kisha jina lake likaitwa.

Alikaa ndani dakika ishirini. Alitoka ameshika karatasi kwa mikono yote miwili, machozi yanamtoka, hayafuti.

"Balinikamata, papa. Baliniuliza kazi tu! Nikabaelezea vile nageuza bagonjwa, vile nalisha bale benye habaweze kumeza. Bakaniuliza nitaikala wapi. Nikasema Abitibi, kule kuko shaba sawa kwetu, na hôpitaux zinakosa bantu."

"Na cachet, muhuri yetu?"

"Hakuna mwenye aliuliza cachet."

Niliona huo ni uzembe wa kiutawala, na zamu yangu ilipofika nikaingia ili niurekebishe. Nilimkuta afisa mmoja, mwanamke wa makamo mwenye miwani. Nikaweka Hati yangu mezani, muhuri ukimtazama. Aliisoma mbele, akaigeuza nyuma.

"Hili ni jani la nini?" akauliza kwa Kifaransa cha kwao.

"La taifa lenu, Madame."

Kabla hajaendelea nilimtajia majimbo yote kumi, kutoka mashariki kwenda magharibi, pamoja na mazao na madini yake. Nilimweleza potashi ya Saskatchewan, mafuta ya Alberta na mbao za British Columbia. Nikamalizia na maeneo ya kaskazini, nikasisitiza kwamba ni mawili.

"Matatu," alisema.

"Mawili, Madame. La tatu ni uvumi wa maman mmoja wa Jette."

Alivua miwani. "Bwana Kabeya, mume wangu anafundisha shule Iqaluit, Nunavut. Mwezi uliopita nilimpelekea soksi. Sasa anazivaa nani?"

Nilimshauri, kwa heshima zote, awasilishe rufaa kwa maandishi.

Aliandika kitu kifupi. Halafu akaniuliza kwa upole, na mpaka leo ule upole ndio unaoniuma, "Unafanya kazi gani?"

"Rais."

"Nje ya hapo?"

Nilikuwa nimejiandaa kwa miaka sita na swali hilo hatukuwa tumelisoma. Nilitoka mle mikono mitupu.

Jumamosi iliyofuata nilifika ukumbini nikakuta viti tu. Mawaziri wote walikuwa kwa Yolande, Jette, wamejazana jikoni kwake, hata Frère Etienne kapewa kiti karibu na dirisha. Yolande alikuwa anakaanga huku akimwuliza kila mmoja swali moja. Tonton Nday alijibu kwamba anajua kuchomelea vyuma. Maman Kasoki alisema anaweza kupikia watu mia. Yolande akawa anawaambia wajaze karatasi gani na waanzie wapi. Kazi ambayo Kamati iliipangia miaka sita aliimaliza kabla vitunguu havijaiva.

Zamu ikanifikia.

"Na weye, papa? Unajua kufanya nini?"

Wote walinitazama, mawaziri niliowateua mimi mwenyewe.

"Sijue," nikasema.

Niliona aibu mpaka masikio yakapata moto. Nilingoja kicheko. Yolande alipunguza moto tu. "Bon. Ku hôpital banatafuta bantu ya kusaidia, hata benye habajasoma ile kazi. Kuya Jumatatu asubuhi, à sept heures. Viatu vya pointe, vile vya ncha ndefu, uache ku nyumba."

Hivyo ninaandika taarifa hii nikiwa Jette, kwenye benchi la korido, wakati wa mapumziko. Kiongozi wangu ni Yolande mpaka visa yake itoke. Asubuhi hii alinipeleka kwa mzee mmoja Mbelgiji, Mflemi, anayeitwa Maarten, anayetetemeka kila akiguswa, akaniambia mtihani wangu una swali moja tu. Mgonjwa akiogopa, unafanya nini?

Nilimwuliza jibu liko ukurasa wa ngapi.

Alicheka mpaka akashika ukuta. Kisha akauchukua mkono wangu, akauweka polepole juu ya bega la mzee, akaniambia niuache hapo. Niliuacha. Tuliona wote wawili ni nani alikuwa anatetemeka zaidi, na mzee Maarten, bila kusema neno, akaweka mkono wake juu ya wangu ili anitulize.

Sijafaulu bado. Natakiwa kurudi kesho.