Daktari wa Ngurumo

Siku Deon Fortuin alipogundua kwamba binadamu yuko radhi kulipa ili aibiwe, alikuwa amesimama kwenye foleni ya mkate wa gatsby, ule mrefu unaojazwa chipsi, huko Athlone, na mfukoni hakuwa na hela ya kununua hata robo ya mkate wenyewe.

Kigari cheupe kilipita barabarani. Kilikuwa kigari cha kawaida kabisa, cha kumpeleka mtu kazini na kumrudisha, lakini kilinguruma hadi vioo vya duka vikatetemeka. Foleni nzima iligeuza shingo. Kijana mmoja aliyekuwa mbele ya Deon alivua kofia, akaishika kifuani.

"Ameng'oa sailensa," alisema kwa sauti ya mtu aliye kanisani.

"Imeng'olewa na nani?" Deon aliuliza.

"Sijui, kaka. Ningejua, ungenikuta huko, si hapa."

Deon alitoka kwenye foleni. Njaa yenyewe ilisubiri.

Kwa wasio na desturi ya kulala chini ya magari, huko mambo yako hivi. Kuna bomba la kutolea moshi. Nyuma yake kuna sailensa, ambayo kazi yake ni kulitia gari adabu. Mbele kidogo, karibu na injini, kuna sega, kidude cha kusafisha moshi ambacho ndani yake mna madini ya thamani, na ambacho watu fulani hukinunua bila kuuliza kilitoka kwenye gari la nani. Vijana wa mji walitaka adabu iondoke. Deon alitaka masega. Mkataba mzuri hauhitaji zaidi ya hapo, ila tu kwamba upande mmoja haukujua kama umeingia mkataba.

Katika biashara zote duniani mtu huuza kitu. Deon Fortuin, tangu siku ile, aliuza kukosekana kwa kitu.

Alikodi ua nyuma ya duka la mazulia, akanunua koti jeupe na kile chombo cha madaktari cha kusikilizia moyo, akaandika ukutani: DAKTARI WA NGURUMO. Mteja wake wa kwanza alikuwa Lyle Maarman, karani wa benki, mwenye gari jipya la spoti la rangi ya buluu na mkopo ambao ungemzeesha.

Deon alilala chini ya gari lile, akaweka chombo bombani, akafumba macho. Alikaa hivyo mpaka Lyle akaanza kuogopa.

"Vipi?" Lyle aliuliza.

"Kifua kimebana."

"Cha gari?"

"Kaka, humu ndani una simba. Lakini mtu amemlalisha kifudifudi juu ya mto. Unamsikia anavyopumua? Mimi roho inaniuma."

Roho ya Lyle nayo ikaanza kuuma. "Anaweza kupona?"

"Nikiondoa mto, atapona leo leo. Nitaondoa na kile kinachomkaba koo kwa mbele. Hicho sikutozi, kwa sababu nimekupenda."

Hicho cha mbele ndicho kilichokuwa sega.

Jioni Lyle aliwasha gari, na njiwa wote wa mtaa wakahama. Machozi yalimlenga. Kisha akaona kitaa cha njano kimewaka mbele ya usukani. "Na hii taa ya injini?"

"Usiishtukie," Deon alisema huku akifuta mikono. "Gari linashangaa. Halijawahi kujisikia."

Baada ya wiki tatu Lyle alirudi, amenyong'onyea. Askari wa barabarani walikuwa wamemwandikia faini mbili, na mama mwenye nyumba wake alikuwa amemwonyesha lango. Alitaka sailensa. Deon aliingia kibandani, akatoka na moja inayong'aa kwa mafuta ya taa.

"Hii ni ya Ujerumani. Nilikuwa namwekea mtu."

Lyle aliigeuzageuza. "Mbona inafanana na yangu?"

"Isipofanana itaingiaje?"

Lyle akalipa. Jibu lilikuwa na akili, na yeye aliheshimu akili.

Basi Deon akawa anakula sahani tatu kwa meza moja: alilipwa kwa kung'oa, akalipwa kwa kurudisha, na masega aliyapakia kwenye buti ya gari lake la Golf, akimsubiri mnunuzi aliyepita kila Ijumaa. Katika mapumziko alijiita mtu mwaminifu, maana hakuwahi kumlazimisha mtu.

Alhamisi moja asubuhi, upepo wa kusini-mashariki ukivuruga kila kofia mjini, liliingia uani gari jekundu la milango miwili, jembamba na la chini kama chui anayenyata. Mlango ulifunguka, akashuka mwanamke wa miaka sabini hivi, kofia ya kanisani kichwani, na sanduku la plastiki mkononi. Alijitaja kuwa ni Anti Ursula Baartman.

"Wewe ndiye daktari?"

"Ndiye mimi, Anti."

"Nimekuletea koeksister. Nimezikaanga mwenyewe." Alimpa sanduku la hayo maandazi ya shira. "Mwanangu, gari hili lilikuwa la marehemu mume wangu. Alikuwa mtu mkimya. Miaka arobaini na moja tumekaa pamoja, kwake neno lilikuwa kama jino, halitoki bila kung'olewa. Na gari lake kalinunua hivyo hivyo. Nimechoka na ukimya, mwanangu. Nataka nikipita, watu wajue Ursula amepita."

Deon alikuwa tayari yuko chini ya gari. Akahesabu, akarudia kuhesabu. Gari lile lilikuwa na masega manne, makubwa, masafi, hayajaguswa. Hakuhitaji chombo cha kusikilizia moyo. Wa kwake mwenyewe aliusikia bila msaada.

"Anti," alisema alipotoka, uso umejaa huzuni ya kitaalamu, "huyu ni mgonjwa mahututi. Niachie mpaka saa kumi."

"Hilo ndilo lisilowezekana. Nina mazishi Paarl, saa sita. Nililipitisha hapa niulize tu. Acha niende nalo, nitarudi mwezi ujao mwanangu akitoka Namibia. Yeye anajua magari, atasimama hapa hapa aone unavyofanya."

Deon alimwona huyo mwana akilini, kasimama na mikono kiunoni, anahesabu vyuma. "Mwezi ujao atakuwa amekufa, Anti. Gari, namaanisha."

"Basi nitafikaje Paarl? Na goti hili, mwanangu, nigombanie teksi?"

Wahenga walisema tamaa mbele, mauti nyuma, lakini walisahau kusema mauti huja yamevaa kofia ya kanisani. Deon alitazama gari jekundu. Akatazama Golf yake, ambayo butini mlikuwa na masega kumi na moja, kazi ya wiki nzima. Akapima. Mama wa kanisa hafungui buti ya mtu.

"Chukua langu, Anti. Ila buti haifunguki. Kitasa kimeharibika."

"Nitaweka nini butini? Nina mkoba huu tu." Alipokea ufunguo kwa mikono miwili, pamoja na kadi yenye namba ya simu. "Mungu akulipe kama unavyostahili."

"Amina," alisema Deon.

Alimtazama akiondoka, akiwasha taa ya kugeukia kushoto muda mrefu kabla ya kona, kama wanavyofanya watu waadilifu. Kisha akala koeksister mbili na kuingia kazini.

Saa saba mchana, sailensa ilikuwa imeegemea ukuta na masega yote manne yamepangwa juu ya gunia kama vifaranga. Hapo ndipo gari la mizigo lilipoziba lango. Walishuka wanaume wawili wenye mabega, kisha mwanamume mwekundu wa shingo, simu mkononi, na mwisho mzee mmoja mwembamba aliyekuwa akitafuna biskuti.

"Hapa hapa," alisema mwenye simu, akitazama kinukta cha kufuatilia gari kwenye kioo cha simu. Halafu akainua macho, akaliona gari jekundu juu ya jeki, tumbo wazi. Alilizunguka mzunguko mzima.

"Naitwa Lategan," alisema hatimaye. "Nauza magari Bellville. Hilo ni langu."

"Ni la Anti Ursula," Deon alisema. "Marehemu mume wake ndiye..."

"Marehemu?" Lategan alimvuta yule mzee mbele. "Marehemu si huyu hapa?"

Mzee alimeza biskuti. "Appollis," alijitambulisha. "Solly Appollis. Hamjambo wote."

Ikaelezwa. Asubuhi Anti Ursula alifika Bellville akiwa na mzee Appollis, akasema ni mumewe, akaomba kulijaribu gari jekundu kwa dakika kumi. Mumewe angebaki ofisini, miguu ni mibovu. Lategan aliona hakuna mwanamke anayeacha mume akakimbia na gari. Alimpa mzee chai. Dakika kumi zikawa saa tatu, na chai ikawa vikombe sita.

"Na mimi namwambia tangu saa nne," alisema mzee Appollis, "mke wangu alifariki mwaka elfu mbili na tisa. Yule mama nimemkuta kituo cha basi. Aliniambia kuna mahali wanatoa chai na biskuti bure. Na kweli wanatoa."

Deon alikaa juu ya tairi. Jambo moja lilikuwa linamjia polepole, kama maji chini ya mlango. "Ameondoka na Golf yangu," alisema.

"Pole," alisema Lategan. "Kapige ripoti polisi. Waambie kilichokuwa ndani."

Walitazamana. Lategan alitazama masega yaliyo kwenye gunia, akatazama ukuta ulioandikwa, akatazama koti jeupe. Hakuwa mtu wa kuelezwa mara mbili.

"Au usiende," alisema. "Shauri lako. Lakini hilo langu unalirudishia kila kitu, sasa hivi, na nikiona alama ya kuchomelea nitamwita polisi mimi."

Wale wenye mabega walisogea. Deon akainama kuokota sega la kwanza, lakini Lategan akakohoa.

"Ngoja kidogo. Kabla hujaanza." Aliangalia pembeni. "Liwashe."

"Hivi hivi?"

"Nimesema liwashe."

Deon akawasha. Ngurumo ilitoka tumboni mwa gari lile, nzito na tamu, ikapanda kwenye mabati ya duka la mazulia na kushuka tena. Wale wanaume wawili wakatabasamu kama watoto. Lategan alifumba macho. Mzee Appollis alisema hajasikia kitu kizuri namna ile tangu harusi yake.

"Mista Lategan," Deon alisema taratibu, mazoea yakiwa yamemshinda, "unamsikia huyo simba? Sasa ukitaka nimrudishie mto..."

"Rudisha," alisema Lategan, lakini ilimchukua muda kusema.

Deon alichomelea hadi saa kumi na moja. Ilikuwa kazi safi kuliko zote alizowahi kufanya, na hakulipwa. Lategan aliondoka na gari lake, akabeba na mashine ya kuchomelea kwa ajili ya usumbufu. Mzee Appollis aliomba zile koeksister zilizobaki, akapewa.

Asubuhi ya pili simu ya Deon iliita.

"Mwanangu," ilisema sauti, "hujambo? Nina swali la kitaalamu."

Deon aliketi kitandani, simu sikioni.

"Nipo na mtu hapa anataka kununua haya madude yako. Anasema atayapima kwenye mzani kama chuma chakavu. Ni sawa?"

Deon alikuwa ameandaa matusi usiku kucha, tena ya kupendeza. Lakini aliposikia masega yake yanapimwa kwenye mzani, akayasahau yote.

"Anti, huyo mwizi," alisema. "Usikubali mzani. Kila moja lina namba ubavuni, imechongwa. Mwambie asome namba, bei iko kwenye namba. Na lile refu, lenye shingo mbili, peke yake ni sawa na matatu."

"Lenye shingo mbili." Alisikika akimgeukia mtu. "Anasema usome namba." Kisha akarudi. "Kumbe una roho nzuri. Mpwa wangu Curtley hakunieleza hilo. Yeye alinieleza ulivyomtolea sailensa, ukamtolea na kidude kingine, ukakifuta, ukakiweka vizuri kwenye buti yako. Alidhani wewe ni mtu msafi tu. Yupo hapa, anakusalimu."

"Golf yangu iko wapi, Anti?"

"Nimeiegesha mbele ya kituo cha polisi, kwa usalama. Ufunguo nimempa sajini wa mapokezi. Nimemwambia mwenyewe atakuja kuichukua na kueleza vilivyomo butini."

"Butini mna nini?"

"Nimekuachia mawili. Si vizuri kukomba chungu chote."

Deon alipanda basi. Golf ilikuwa pale pale aliposema Anti, imeoshwa. Alisimama ng'ambo ya barabara chini ya ukuta wa duka la dawa, akaitazama. Akaitazama mpaka sajini, mwanamke mrefu mwenye ufunguo kidoleni, akatoka na kumwita kwa mkono.

"Wewe. Ni gari lako hili?"

"Hapana, Sajini. Mimi sina gari."

"Umelikodolea macho nusu saa."

"Nalipenda tu."

Sajini alimtazama, kisha akaingia ndani ya gari na kuwasha ili alipeleke ua wa nyuma. Hakuna mpita njia aliyegeuka. Injini ilikuwa inanong'ona, laini, sailensa yake nzima na sega lake zima.

"Limetulia sana," alisema sajini kupitia dirishani. "Mwenyewe alilitunza."

"Alilitunza," alisema Deon, akaelekea kituo cha basi.