Matundu Manne ya Tumboni

Jumatano, 9 Julai 2025

Nimerudi nyumbani Nkowe. Nina matundu manne tumboni na mawe saba kwenye chupa. Mawe ni yangu. Yalikuwa kwenye mfuko wa nyongo. Mfuko wenyewe wamebaki nao hospitali.

Nimepasuliwa juzi, hospitali ya misheni, na madaktari bingwa waliokuja kwa wiki moja. Kabla ya dawa ya usingizi niliomba kuona vifaa. Nesi akanionyesha. Vyembamba, virefu, kama spoki za baiskeli. Kimoja kina mdomo wa kuku anayedonoa. Kingine kina mkasi mdogo kuliko ukucha. Kingine kina kamera na taa. Tumbo hujazwa hewa kwanza ili daktari apate nafasi, halafu anafanya kazi macho yakiwa kwenye runinga. Nikamuuliza nesi kama runinga hiyo huonyesha na mpira. Akanichoma sindano.

Masharti ya daktari: nitembee kidogo kila siku. Vidonda visilowe. Nisile mafuta. Kwa wiki nne nisinyanyue kitu kizito kuliko birika la chai.

Masharti ya binti yangu Aurelia ni makubwa zaidi. Ni mwalimu Nachingwea mjini. Amenileta, amefua, amepika, kisha amesema atarudi Jumapili ya tarehe 20. Akinikuta mzima, na shamba linatunzwa, nitabaki hapa. Akinikuta hoi, nahamia kwake na shamba linakodishwa. Anasema mtu wa miaka sitini na nne hawezi kuishi peke yake na mikorosho.

Siishi peke yangu. Mke wangu Rozalia yuko nyuma ya nyumba, mwisho wa mstari wa nne wa mikorosho, mwaka wa pili huu. Kila asubuhi namwamkia. Nikiwa Nachingwea sitaweza. Hili sikumwambia Aurelia. Angelia, halafu angenihamisha leo hii.

Alhamisi, 10 Julai

Nimetembea hadi kwa Rozalia na kurudi, kama nilivyoagizwa. Nimemweleza habari za mawe. Alipenda vitu vidogo. Vifungo, mbegu, vizibo vya chupa. Aliviweka kwenye kopo la maziwa ya unga. Silifungui, lakini huwa nalitikisa.

Bahati mbaya Dominiko ameniona. Ni jirani yangu na mtani wangu, kwa hiyo ana ruhusa ya kusema chochote, na anaitumia yote. Kufikia saa nne kijiji kizima kilikuwa na habari. Eti mimi Amedeus sijapasuliwa. Mtu aliyepasuliwa hulala. Yeye Dominiko alipopasuliwa utumbo mwaka 2009 alilala siku ishirini na mbili na kuletewa kuku kumi na wanne. Hawezi kuutaja mwaka 2009 bila wale kuku.

Hakuna aliyekuja kunitazama. Hili ni tatizo. Mikorosho inatoa maua. Isipopuliziwa salfa wiki ijayo, ukungu utamaliza kila kitu na Aurelia atakuta shamba jeupe. Mashine ya kupulizia hubebwa mgongoni. Ni nzito kuliko birika la chai. Jumuiya yetu ya kanisani humsaidia mgonjwa kazi za shamba, ila sharti awe mgonjwa.

Kwa hiyo niumwe mpaka shamba lipuliziwe. Kisha nipone kabla ya tarehe 20. Sioni ugumu wowote.

Bega la kulia linauma sana. Kilichopasuliwa ni tumbo. Nadhani walipotea njia.

Ijumaa, 11 Julai

Nimempigia nesi simu. Bega ni ile hewa. Iliyobaki tumboni husukuma kwenda juu, na maumivu yake husikika begani. Dawa ni kutembea. Kutembea ndiko kulikoniharibia jina. Nimefunga mlango nikatembea ndani, kutoka kitandani hadi kwenye mtungi, mara arobaini. Hewa imesogea. Sitaandika ilikotokea.

Jioni jumuiya wamekuja, watu tisa, wakiongozwa na Mama Agatha, mwenyekiti. Nimelala mkekani, shuka mpaka kidevuni. Wamesali vizuri. Kisha Mama Agatha akaomba kuona kidonda. Nikafunua. Plasta nne, kila moja kama stempu ya barua.

Mama mmoja akauliza kwa upole kama vingine viko mgongoni. Dominiko akasema yeye akinyoa ndevu hutoka na plasta kubwa kuliko hizo, na kama huu ndio upasuaji basi kinyozi wake naye ni daktari bingwa. Halafu akafungua shati. Kovu lake linaanzia chini ya kifua, linashuka mpaka linaingia kwenye suruali, na lina alama za mishono huku na huku kama reli. Wote wakasogea. Mama Agatha akampa pole. Miaka kumi na sita baadaye, mbele yangu, nikiwa mkekani.

Kuku waliyekuja naye wameondoka naye. Kuhusu shamba, wataangalia hali yangu Jumatatu.

Jumamosi, 12 Julai

Amekuja Makoye, mfugaji Msukuma aliyehamia bondeni na ng'ombe wake miaka mitatu iliyopita. Huongea kidogo. Ameketi, ameangalia matundu yangu kwa muda mrefu, kisha akasema ameelewa. Kwao ng'ombe akivimba tumbo hutobolewa ubavuni kwa chuma chembamba. Hewa inatoka, ng'ombe anainuka, kidonda hukioni tena. Nikamwambia mimi hewa waliniingizia. Akafikiri sana. Akasema basi mimi ni kazi ngumu kuliko ng'ombe.

Ni mtu wa kwanza kuniamini tangu nirudi. Nimefurahi mno, nikanywa kibuyu chote cha maziwa alicholeta, na samli juu yake. Daktari alisema nisile mafuta. Hakusema nisinywe.

Mchana wote nimekuwa chooni. Nimekatazwa pia kuchuchumaa. Sijui daktari alitegemea nifanyeje.

Jumapili, 13 Julai

Nimepata njia.

Tulipokuwa shule ya msingi tulijichora saa mkononi kwa maganda ya korosho. Mafuta ya ganda huunguza ngozi kidogo, na alama hubaki. Saa yangu ilidumu mwezi mzima. Ilikuwa saa tatu kasoro robo. Mwalimu alinichapa kwa kuchelewa.

Nimechukua korosho tano za msimu uliopita. Nimezipasua. Nimechora mstari kutoka tundu la juu hadi karibu na kitovu, mnyoofu, wa kupendeza. Nimeongeza mishono. Dominiko ana mishono kumi na miwili. Mimi nimejiwekea kumi na sita.

Rozalia alinifundisha kubangua bila kuungua. Alijipaka majivu mikononi kwanza. Namkumbuka akipuliza vidole vyake hata kama havikuungua, kwa mazoea tu. Leo nimesahau majivu.

Inawasha kidogo.

Jumatatu, 14 Julai

Haiwashi tena. Inaungua. Usiku mstari uliota malengelenge, kila mshono na lake. Maumivu yamezidi yale ya upasuaji. Kwa upande wa sura, nimepita matarajio yangu.

Jumuiya wamekuja saa kumi. Nimefunua. Mama Agatha ameangalia kwa muda mrefu. Amemwangalia Dominiko. Dominiko ameangalia dari. Mama Agatha akauliza mbona Ijumaa hiki kidonda hakikuwepo. Nikasema upasuaji wa kisasa huanzia ndani, kidonda hutoka chenyewe taratibu. Mama Agatha amefunika mdomo kwa kitenge na mabega yamemtikisika. Nadhani alikuwa analia.

Wamekubaliana kuja Alhamisi kupuliza salfa shamba zima. Kuku ameachwa.

Alhamisi, 17 Julai

Wamekuja alfajiri, watu kumi na wawili na mashine mbili. Makoye naye amekuja, ingawa si wa jumuiya na hajui salfa. Amebeba maji. Dominiko amebeba mashine mgongoni tangu asubuhi mpaka saa nane, akilalamika mstari mmoja hadi mwingine. Alipofika kwa Rozalia aliizima, akavua kofia, akapita kimya, kisha akaiwasha tena na kuendelea kulalamika pale alipoachia. Nimemwona kupitia dirishani.

Wakati wa kuondoka Mama Agatha amebaki nyuma. Amesema, Kaka Amedeus, sisi wote tumezaliwa chini ya mikorosho. Tunajua kila alama inayotokana nayo. Amesema wasingehitaji kidonda. Yeye alipougua homa ya matumbo, Rozalia alimchotea maji wiki sita. Dominiko alipopasuliwa, kuku wawili kati ya kumi na wanne walikuwa wa Rozalia. Hakuna nyumba kijijini ambayo Rozalia hakuingia na kitu mkononi. Akasema hata ningelala tu na plasta zangu wangekuja, walikuwa wanamwachia Dominiko afaidi utani wake kwanza. Akaniachia mafuta ya nazi nipake.

Sikujua habari ya kuku wawili. Nimekaa nayo jioni nzima.

Kuhusu mikorosho sijaelewa alikuwa na maana gani. Nadhani ni methali. Muhimu ni kwamba hawajagundua. Shamba limepuliziwa. Sasa imebaki kupona kwa siku tatu.

Jumapili, 20 Julai

Aurelia amefika saa tano. Nilikuwa tayari. Nimenyoa. Nimevaa shati jeupe na kukaa kitini, mguu juu ya mguu. Ameangalia jiko, ameangalia mtungi, ameenda shambani. Amerudi anatabasamu. Amesema, Baba, hongera, kumbe unaweza.

Ningeishia hapo. Lakini nilimwona bado ananikagua kwa macho, nikaona haja ya kumaliza ubishi. Ndoo ya maji ilikuwa mlangoni, lita ishirini, imejaa. Nikainyanyua. Nikaizunguka nyumba nayo, nikipiga mluzi.

Mluzi uliishia kwenye kona ya choo. Tundu la kitovuni lilifanya kitu. Shati jeupe halifai kwa kazi za namna hii.

Aurelia amefungua shati. Hakuliangalia tundu. Ameangalia mstari na mishono kumi na sita. Alikuwepo hospitali. Anajua walichofanya na wasichofanya. Ameuliza, Baba, umejifanyia nini? Nilianza kueleza habari ya kidonda kutoka chenyewe, nikashindwa kumalizia. Ana macho ya mama yake.

Kwa hiyo nimemwambia. Habari za kila asubuhi na mstari wa nne. Amelia, kama nilivyojua. Halafu akaita gari, kama nilivyojua. Lakini amesema shamba halikodishwi. Ijumaa ya tarehe 25 nesi wa Nachingwea ataniangalia. Akisema ngozi imepona na tundu limefunga, narudi Nkowe siku hiyo hiyo. Akisema bado, nitakaa kwake mpaka msimu wa korosho. Neno la mwisho ni la nesi, si langu.

Dominiko amekuja kuaga. Ameahidi kumwamkia Rozalia kila asubuhi kwa niaba yangu. Nimemwambia asikae sana.

Jumatano, 23 Julai

Nachingwea. Chumba kizuri, kina feni. Asubuhi nilitoka nyuma ya nyumba kwa mazoea. Kuna ukuta wa jirani na tangi la maji. Nikalisalimia tangi, kwa kuwa nilikuwa nimeshafungua mdomo.

Aurelia ananipaka dawa asubuhi na jioni. Amesema mara kumi nisiguse kidonda, kiache kipone chenyewe. Tundu limekauka vizuri. Nesi wa zamu aliyepita jana alisema nikitulia tu, Ijumaa hakuna shida.

Lakini nimejiangalia kwenye kioo. Pale malengelenge yalipobanduka ngozi ni ya waridi. Mstari wa waridi na mishono kumi na sita ya waridi. Nesi yeyote mwenye macho ataniambia bado. Siwezi kumwachia Dominiko Rozalia mpaka Oktoba.

Mkwe wangu Jeremia ana makopo matatu ya dawa ya viatu. Nyeusi, kahawia, na ya tatu ambayo ni rangi yangu kabisa. Mchana, wote wakiwa kazini, nimejaribu mshono mmoja. Haukuonekana tena. Nimeendelea na mingine, kisha mstari wote. Tundu la kitovuni nalo nimelijaza kidogo, liwe sawa na wenzake. Nimepiga brashi.

Mtu hawezi kujua kama niliwahi kupasuliwa. Nimeshafunga begi. Juani tumbo linang'aa kidogo, lakini hilo ni dogo. Ijumaa nitamwomba nesi afunge dirisha.